Mwezi Tuliomficha Baba

Kalundu, Uvira, Jumamosi, adhuhuri imepita. Mvua tangu alfajiri, na makaa yote yamelowa.

Leo sina moyo wa maneno mazuri. Nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, naandika kwa simu iliyo mapajani, na Baba amelala chumbani kwake. Nimeacha mlango wazi ili nimsikie akiamka. Milima iliyo nyuma yetu imefunikwa na mawingu, na ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa udongo ulioteremshwa na mito.

Leo magharibi watu wataungoja mwezi. Ukiandama, kesho ni Idi. Waislamu wote wa Kalundu wanaomba uonekane. Nadhani ni mimi peke yangu ninayeomba mawingu yabaki.

Wala si kwamba napenda njaa.

Ni kwamba katika nyumba hii Ramadhani haijaingia. Tumemficha Baba mwezi mzima. Takbira za Idi zikianza kusomwa msikitini hatutaweza kuzificha, maana kipaza sauti kinasikika mpaka bandarini, na hapo Baba atajua kwamba watoto wake wamemnyima mwezi wake.

Kwa asiyetujua: Baba aliuza vitambaa. Babu wa babu yake alikuja na wafanyabiashara wa ziwa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Baba mwenyewe alivuka ziwa hili miaka na miaka, Bujumbura, Kigoma, Kalemie, na marobota yake ya vitenge. Hakuwahi kuacha mfungo. Wakati wa vita tulipokimbia kwa boti nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka alifunga mle mle ndani ya boti na sehemu yake ya maji akatugawia sisi.

Na ni yeye aliyekuwa akituletea mwezi nyumbani. Kwetu Uvira mwezi mwandamo hauonekani kirahisi. Magharibi yetu ni milima, na jua likishazama nyuma yake, mwezi mwembamba nao umekwenda. Wenzetu wa Bujumbura, ng'ambo ya ziwa, huuona juu ya milima yetu sisi tukiwa chini yake tumeinua shingo bure. Kwa hiyo Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikielekea kwisha Baba alikwenda bandarini kungoja habari kutoka ng'ambo, zamani kwa mabaharia, kisha kwa redio, kisha kwa simu. Akirudi alisimama mlangoni, hakuingia kwanza, akasema, "Kesho tunafunga." Sisi watoto tulishasikia kwa majirani, lakini hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Mwezi haukuwa umeingia kwetu mpaka Baba aseme.

Ugonjwa wa kusahau ulimjia polepole. Alianza kwa kumkatia mteja kitambaa mara mbili. Akapotea njia ya kutoka msikitini, njia aliyoipita maisha yake yote. Kisha akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Daktari alisema ubongo unachakaa na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Shinikizo la damu na figo zilizochoka, hizo zina dawa. Mimi nilikuwa nimeachika, nina cherehani yangu na mdomo wangu usionyamaza, nikarudi nyumbani kumtunza. Kaka yangu Hamisi, ambaye ni karani wa mizigo bandarini, anakaa chumba cha uani na anarudi jioni.

Mwaka jana Baba alifunga. Tulimwambia daktari amekataza. Sheikh naye alikuja, akamweleza kwa upole kwamba mtu wa hali yake hadaiwi mfungo. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na kabla sheikh hajafika barabarani alishasahau. Tukimwambia kwamba anaumwa, alishtuka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. "Minye niko mugonjwa? Tangu lini?" Uso ulimwanguka vilevile kila siku. Nikachoka kumpa mtu habari mbaya ileile kila asubuhi kama mpya.

Ubaya wenyewe ni kwamba alifunga huku anasahau kwamba amefunga. Akiona maji anakunywa, kisha katikati ya kikombe anakumbuka, na hapo ni kilio. Anatia kidole kooni ili atapike. Anaapa ataanza upya. Magharibi inafika hanywi, maana hajui tena kama ni magharibi ya leo au ya jana. Mwishowe alianguka pale barazani. Tukalala hospitali, chupa ya serumu ikimtiririkia mshipani, na daktari akatuambia kwamba mzee huyu anywe maji kutwa, mara nyingine akikauka namna hii hatamrudisha.

Ndipo mwaka huu nikakata shauri. Wazo ni langu, simsingizii mtu. Habari ilipotoka ng'ambo, hakuna aliyesimama mlangoni kuitangaza. Hamisi hakupenda. "Tunamuiba Baba mwezi yake," aliniambia. Nikamjibu, "Afazali tumuibe mwezi kuliko tumuzike." Akafuata mpango, lakini mpaka leo hajakubali.

Siku yetu inakwenda kwa utaratibu, na haitakiwi kuteleza, maana ikiteleza kidogo Baba anateleza nayo. Alfajiri namletea birika na beseni. Mimi namimina maji, yeye anatawadha. Kichwa kimesahau jina langu lakini mikono inajua ianzie wapi na iishie wapi, na kila nikiiangalia napata nafuu kidogo. Anasali nyuma ya Hamisi, kwa sababu akiwa peke yake anapotea katikati na kurudi mwanzo. Adhuhuri, Hamisi akiwa kazini, huisali mara mbili, mara tatu. Namwacha. Sijaona mtu aliyeumizwa na sala iliyozidi.

Kisha dawa, kisha chai, na hapo ndipo penye kazi. Baba hajazoea kula peke yake. Kwake yeye mtu anayekula peke yake ana jambo analificha. Nikimwekea mandazi nami nisile ataniuliza. Nimejaribu kujifanya natafuna, lakini mimi si mwigizaji, na harufu ya mandazi ya moto mtu akiwa na swaumu si jambo la mchezo.

Aliyetuokoa ni Mama Furaha, jirani yetu, mke wa mvuvi, Mkatoliki asiyekosa misa. Anakuja asubuhi kunywa chai na Baba ili Baba aone mtu anatafuna. Yeye mwenyewe yuko kwenye Kwaresima na ameacha sukari mpaka Pasaka. Baba, kwa ukarimu wake wa dukani, anamtilia sukari kwa mkono wake, vijiko vilivyojaa, na Mama Furaha hawezi kumkatalia. "Padri akiniuliza," ananiambia jikoni akijifuta midomo, "nitamuambia Kwaresima yangu iliishaka mu barza ya Baislamu." Nacheka mpaka naegemea ukuta. Kisha akiondoka nalia kidogo, bila sababu ninayoweza kumweleza mtu.

Baada ya chai Baba anafungua duka. Duka lenyewe halipo tena. Ziwa lilipopanda liliingia mle na halijatoka. Duka la sasa ni benchi la barazani na vipande vya vitenge ninavyompa kutoka kwenye kazi yangu ya kushona. Anavikunjua, anavipima kwa mkono, anavikunja kona kwa kona, anavipanga. Akimaliza navichukua ndani, navivuruga, namrudishia. Mtu akiniona anaweza kusema nina roho mbaya. Lakini akiwa anakunja hatetemeki, na hasumbuki kutafuta njia ya kwenda kwao.

Mchana ni ugali na sombe ya majani ya muhogo, na mukeke, samaki wa ziwa letu, siku ambazo Hamisi amebahatika kuupata bandarini. Nakaa mbele ya sahani yangu, nafinyanga tonge, naliacha, nafinyanga jingine. Jioni ndiyo ngumu kuliko zote. Jua likielekea milimani Baba anaanza kusema anataka kurudi kwao, na saa hiyohiyo ndiyo ya futari. Tunafuturu kwa zamu. Hamisi anakaa naye, mimi nameza tende jikoni nimesimama, kisha mimi nakaa naye, Hamisi anakimbilia jikoni. Tende naziweka ndani ya debe la mchele, maana harufu yake peke yake ingemwambia tuko mwezi gani. Wageni tunawawahi langoni: Ramadhani karimu yako, tafadhali, iache barabarani.

Na pamoja na yote hayo bado anauliza. Akiwa anakunja kitambaa, bila kuniangalia:

"Mwezi bado?"

"Bado, Baba. Tungali mu Shaabani."

"Basi. Mutaniambia."

Neno hilo linanichoma kuliko kama angenitukana. Maisha yake yote ndiye aliyetuambia sisi, na sasa anatutegemea tumwambie, na sisi tunamwangalia machoni tunasema bado.

Basi leo asubuhi.

Mama Furaha hakuja, amekwenda mazikoni Mutarule. Nikaleta chai mwenyewe, nikamwekea Baba glasi mkononi, nikakaa karibu naye nikajishughulisha na uzi na sindano. Aliishika ile glasi hakunywa. Aliniangalia muda mrefu, kwa jicho lake la zamani, lile la kupima mteja kama ana nia ya kununua au amekuja kupapasa tu.

"Weye leo unafunga," akasema. "Midomo yako imekauka."

Mtu aliyefunga maisha yake yote hadanganyiki kwa midomo. Nilibabaika. Kisha uongo ukanitoka wenyewe, tena mlaini. Wanawake watanielewa: kuna siku za mwezi ambazo hatufungi, na siku hizo tunazilipa baadaye. Wengi wetu tunazembea mwaka mzima, kisha Shaabani ikiingia tunakimbizana kulipa kabla Ramadhani nyingine haijatukuta. Na kwa kuwa nyumbani kwetu bado ni Shaabani, nikasema:

"Niko nalipa, Baba. Zile siku zangu za mwaka jana."

Nikajiona mjanja sana. Ujanja wangu ulidumu muda wa kumeza mate, na mate yenyewe sikuwa nayo.

Uso wa Baba ulichangamka. Akaniombea dua, akaweka glasi chini, akaisukuma mbali. "Siku za kulipa zinakuwaka nzito juu muntu anazifunga peke yake," akasema. "Mama yako nilikuwa nafungaka naye. Leo tutafunga wote wawili."

Na ni kweli. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Kila Shaabani marehemu mama alipolipa siku zake, Baba alifunga pamoja naye, ijapokuwa yeye hakuwa na siku ya kulipa, ili mama asiwe peke yake katika nyumba ya watu wanaokula. Hakuna mwanamume mwingine niliyemsikia akifanya hivyo hapa mtaani. Mimi mwenye akili timamu nilisahau, yeye aliyesahau kila kitu akakumbuka.

Nilimwambia ana dawa za kunywa. Akasema atazinywa magharibi. Nilimwambia daktari atakasirika. Akasema daktari si mtu wa kuogopwa. Nikatulia, nikajipa moyo kwamba baada ya muda kidogo atasahau kama anavyosahau mengine yote, nami nitaleta glasi upya.

Hakusahau.

Mtu asiyejua kama amesali, leo alikumbuka. Kila nilipoleta maji aliyarudisha, tena kwa mzaha. "Tunafunga, mama. Weye njo unaanza kusahau sasa?" Akanicheka. Alikuwa na furaha leo asubuhi, furaha ambayo sijaiona kwake tangu mwaka jana. Alikunja vitambaa vyake akiwa wima, mtu mwenye kazi na mwenye mwenzake wa kufunga naye. Ningeweza kumtazama hivyo siku nzima kama asingekuwa anakauka mbele yangu.

Kabla ya adhuhuri mikono ikaanza kutetemeka. Akaacha kukunja. Akaegemeza kichwa ukutani, midomo ikapauka, maneno yakaanza kuchanganyika, akawa anamwita marehemu mama. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Nilimpigia Hamisi simu, haikupatikana. Nikasimama pale katikati ya baraza na glasi mkononi sijui nifanye nini. Nimwambie kweli? Kwamba mwezi uliingia zamani, kwamba amekula mchana siku zote hizi, na kwamba ni mimi niliyemlisha? Nimshike mdomo nimnyweshe kwa nguvu, baba yangu mzazi?

Nikapiga moyo konde. Nikasimama mahali anaponiona vizuri, nikasema bismillahi kwa sauti, nikanywa. Nilikunywa glasi yote mpaka chini ili asibaki na shaka. Mchana kweupe wa Ramadhani, pengine siku yake ya mwisho, na hakuna aliyenilazimisha.

Nilingoja anifokee. Baba hakuwa mtu wa kuchezewa kwa mambo ya dini. Lakini hakufoka. Aliona aibu, na ile aibu ilikuwa yangu, yeye aliichukua tu akaibeba. Aliangalia barabarani kama kuna mtu aliyeniona. Kisha akanyoosha mkono.

"Leta na minye," akasema polepole. "Kama ni kukosa, tukose wote wawili. Isikuwe weye peke yako."

Akanywa. Kiu ilikuwa inamwua, lakini hakunywa kwa ajili ya kiu. Alikunywa ili binti yake asiwe mkosaji peke yake.

Nikampa dawa, nikampa uji, akala bila kuniangalia. Kisha nikamlaza. Akiamka atakuwa amesahau. Mimi nitabaki nayo.

Siku yangu niliyoivunja nitailipa, hilo si kubwa. Linaloniumiza ni jingine. Mzee huyu hajui jina langu, lakini anajua bado kwamba mtu hapaswi kuachwa afunge peke yake. Na huyohuyo ndiye niliyemtoa katika mfungo wa mji mzima nikamkalisha peke yake katika Shaabani yangu ya uongo. Tena kila nikifika hapo najikumbusha hospitali, na ile serumu, na daktari, naona nilifanya sawa. Nikishaona nilifanya sawa nalia tena. Nazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

Mvua inapungua. Upande wa milima mawingu yameanza kupasuka, na sipendi ninavyoyaona.

Nimerudi. Isha imepita.

Mwezi umeandama. Habari ilitoka ng'ambo kama desturi, Hamisi akaja mbio kutoka bandarini, viatu vimejaa matope. Tukasimama jikoni tunanong'onezana. "Tumuambie mbele hajasikia," akasema Hamisi. Nikamuuliza tumwambie nini, tuanzie wapi. Hatukufika popote, kwa sababu msikiti ulianza.

Allahu akbar, Allahu akbar. Kipaza sauti kinakwaruza lakini maneno yanafika. Barabarani watoto wakaanza kupiga masufuria.

Baba alitoka chumbani mwenyewe, ameshika ukuta, na kichwani amevaa kofia yake. Sijui aliipata wapi, mimi nilikuwa nimeifungia kabatini. Alisimama akasikiliza. Hamisi alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu tulipokuwa watoto.

"Idi?" Baba akauliza.

"Ndiyo, Baba," akajibu Hamisi. "Mwezi umeandama."

Nilishaandaa maneno. Nilikuwa tayari kusema ni mimi, Hamisi alikataa, nilaumu mimi.

Baba akainua mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Alhamdulilahi," akasema. "Nilikuwa naogopa mwaka huu sitafika mwisho. Nguvu zimeisha. Lakini Mungu ameufanya mwepesi. Sikusikia njaa hata siku moja."

Hamisi aliniachia mkono, akatoka uani. Nilimsikia huko nje anapenga kamasi.

Nilidhani yameisha. Lakini Baba alinigeukia mimi, akanisogelea karibu kabisa, kama mtu anayetaka kuuliza jambo la siri.

"Mama, uniambie kweli," akasema. "Minye siku hizi niko nasahau. Kuko siku yenye nilikula?"

Hakuwahi kukiri hilo mbele yangu. Mwezi mzima nimekuwa nikijiambia kwamba hajui, kwamba uongo wangu haumfikii mtu. Kumbe anajua kwamba anasahau, anajiogopa mwenyewe, na kati ya watu wote amekuja kuuliza kwangu.

"Hapana, Baba," nikasema. "Ulifunga zote."

"Hata moja sikuacha?"

"Hata moja."

Aliniamini. Alicheka kwa sauti, akaomba tende, nikaleta sahani nzima, nikaiweka mezani mbele ya taa. Hamisi akarudi macho mekundu, tukala pamoja watu watatu, kwa mara ya kwanza mwezi huu bila kujificha. Baba alikula, akanywa maji mengi, akatuuliza kama tumeshatoa mchele wa fitri kwa maskini. Hamisi akasema atautoa kabla ya sala. Baba akatikisa kichwa, ameridhika, akaenda kulala.

Sasa takbira bado zinaendelea huko msikitini, na mimi siwezi kusema ninachosikia moyoni. Kutwa niliogopa kwamba atajua tumemnyima. Sikuwaza kwamba atamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakukipata, na kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa kweli, nami nitafunga mlango kwa mikono yangu. Kuanzia leo hakuna wa kumrudishia mwezi wake. Kama ni zawadi nimempa sijui, na kama ni wizi nao umekamilika.

Nimeshazungumza na kila mtu ambaye angeweza kuropoka. Asubuhi nitampigia kanzu pasi, Hamisi atampeleka kusali, atasimama kwenye safu pamoja na watu waliofunga, watampa mkono wa Idi naye atawapa wao. Mimi nitakuwa nyuma na wanawake.

Siku yangu moja nitailipa Idi ikipita. Mwezi wake sina cha kuulipia. Kwa hiyo ee Mola, kama kuna mtu wa kuulizwa habari za mwezi huu, Baba usimuulize. Niulize mimi.